Siku Nilipounyoosha Mnara wa Pisa

Picha ile nadhani bado ipo kwenye simu ya mtu huko Ujerumani: mama mtu mzima, kofia ya ukindu, mikono yote miwili ameinyoosha mbele kana kwamba anauzuia Mnara wa Pisa, ule wa Italia ulioinama, usianguke. Ila mnara hauonekani. Yanayoonekana ni makalio yangu, na mikono yake imeyashika barabara.

Sikukusudia. Nilikuwa narudi kinyumenyume ili mnara mzima uingie kwenye kioo cha simu, kisha nikainama kufunga kamba za viatu. Pale Piazza dei Miracoli, uwanja uliopo mnara, kila mtu yuko na mikono hewani anasukuma upepo, kwa hiyo ukirudi nyuma bila kuangalia lazima utaishia mikononi mwa mtu. Mumewe alicheka mpaka akakaa chini kwenye nyasi. Niliomba radhi kwa Kiitaliano, mama akanijibu kwa Kijerumani, tukaelewana.

Picha nilizihitaji kwa kazi. Nasoma Pisa, na usiku, badala ya kusoma, nacheza Cities: Skylines, gemu la kujenga miji. Mji wangu ulikuwa na barabara, maji, umeme na wakazi wa kutosha, lakini sura haukuwa nayo. Nikasema nitautengenezea majengo ya Italia kwa mkono wangu. Colosseum, ule uwanja wa kale wa Roma, ina matao 80 kwenye ghorofa ya chini peke yake. Nikaona nisijitafutie presha. Mnara ni mviringo, ghorofa za katikati zinafanana, unachora moja unainakili mara tano, basi. Nilidhani ni kazi ndogo. Na wenyewe walioanza kuujenga mwaka 1173 nadhani walidhani hivyo hivyo.

Zile ghorofa sita za katikati zina nguzo 30 kila moja. Mimi, kwa kiherehere, nikachonga kichwa cha kila nguzo majani yake yote, pembetatu, yaani vile vipande ambavyo kompyuta huunganisha kupata umbo, kama 3,000 kwa nguzo moja. Piga hesabu mwenyewe. Kompyuta ilianza kulia kama mashine ya kusaga mahindi, jirani wa ukutani akagonga. Nikayafuta majani, nikabandika picha ya majani juu ya nguzo laini. Kwa mbali huoni tofauti.

Kisha nikagundua kitu cha ajabu. Nikiweka modeli yangu juu ya picha, chini vinalingana, juu havilingani. Mnara kwenye picha ulikuwa na kama tumbo hivi, umejikunja mithili ya ndizi. Nikasema hii ni kamera ya simu, inapinda vitu. Nikausahihisha: nikaupiga rula kutoka chini mpaka juu, halafu nikaulaza nyuzi nne. Safi kabisa. Nikampelekea mjomba picha zote mbili, maana mjomba wangu ni fundi mwashi Tanga, na sifa za fundi kwa fundi zina ladha yake.

"Shikamoo mjomba. Umeiona kazi?"

"Marahaba. Nimeiona. Huu wako mbona umenyooka kama mlingoti? Wa kwenye picha hauko hivyo."

"Ni kamera, mjomba."

"Kamera gani? Hapo kuna fundi alikuta ukuta umelala, akaanza kupandisha upande mmoja ili urudi kwenye timazi. Hata mimi nimeshafanya, sisemi wapi."

Nikaenda kusoma. Mjomba, ambaye Italia ameiona kwenye mpira tu, alikuwa sahihi. Mnara ulianza kulala mwaka 1178, walipofika ghorofa ya tatu. Vita vikasimamisha kazi karibu miaka mia. Walioendelea kuanzia 1272 wakawa wanarefusha upande unaozama, ndiyo maana umejikunja. Nilipomwambia msingi wake una kina cha mita tatu, alinyamaza mpaka nikadhani mtandao umekata.

"Mita tatu? Jengo la mita 56? Choo cha nyumbani kwenu nilichimba futi 20!"

Nikamweleza kuwa waliufunga tangu 1990 hadi 2001, wakatoa udongo chini ya upande wa kaskazini ambao haukuzama, ukarudi kama sentimita 40. Hapo akafurahi. "Hao sasa ndio mafundi."

Nikakunja mnara wangu upya, nikaanza kuuingiza kwenye gemu. Gemu linakutaka uchague kwanza kiolezo, yaani jengo lililopo tayari ambalo lako litarithi tabia zake. Ilikuwa saa nane usiku, majina sikuyasoma. Nilitazama ukubwa wa kiwanja tu, nikakiona kinachotosha, nikabonyeza. Mnara ukaingia umelala chali barabarani kama mlevi, kwa sababu kwenye Blender, programu niliyouchorea, mhimili wa juu ni Z na kwenye gemu ni Y. Nikarudi Blender kwa hasira, nikafuta mizunguko yote, yaani kila nilichokigeuza au kukilaza, na mkunjo nikaubatilisha kwa bahati mbaya, nikauingiza tena. Ukasimama. Nikalala.

Asubuhi nikamwita bibi mwenye nyumba, mzaliwa wa Pisa, anayekaribia miaka 80. Alivaa miwani, akasogea karibu, akatazama muda mrefu.

"Nani kaunyoosha?"

Nikatazama. Wima kabisa. Zile nyuzi nne nazo zilikuwa mzunguko, nilizifuta pamoja na mengine.

Kabla sijajibu, mlangoni mwa mnara likatoka gari jeusi, refu. Nyuma yake jingine. Yakafika sita, yakakata kona kwa adabu kuelekea mjini. Bibi akafanya ishara ya msalaba.

"Nani kafariki?"

Kiolezo nilichochagua usiku kilikuwa tanuri la kuchomea maiti.

Nilianza upya, kwa kiolezo cha bustani. Safari hii mnara ulilala nyuzi nne, ukajikunja inavyotakiwa, na waliokuja ni watalii. Nikaubomoa ule wa kwanza. Haikuchukua muda, alama za mafuvu zikaanza kuchomoza juu ya mapaa, nyumba moja, mtaa mzima, mji mzima, na watu wakahama kwa makundi. Mji wangu haukuwa na mahali pengine pa kupeleka maiti.

Ikabidi niurudishe. Uko nyuma ya kituo cha mabasi, wima, magari yanaingia na kutoka. Nilimpelekea mjomba picha ya minara yote miwili nikamwuliza upi bora.

"Huo wa nyuma ya stendi," akasema. "Huo mwenye nyumba anakulipa."