Riwaya ya Steinbeck na filamu ya John Ford: matukio yale yale, hoja nyingine

Wanaolinganisha riwaya na filamu iliyotokana nayo huanza kwa kuhesabu vilivyoachwa. Kwa The Grapes of Wrath (yaani Zabibu za Ghadhabu) hesabu hiyo haitufikishi mbali. John Steinbeck aliitoa riwaya yake Aprili 1939, na filamu iliyoongozwa na John Ford ikaonyeshwa New York Januari 1940, wakati familia za wakulima waliong'olewa Oklahoma zilikuwa bado zinalala kwenye mahema kandokando ya barabara za California. Filamu ya saa mbili na dakika chache haiwezi kubeba sura 30, na hakuna msomaji mwenye haki atakayeilaumu kwa hilo. Linalostahili kuulizwa ni namna ilivyoyapanga yale iliyoyabakiza.

Familia ya akina Joad inanyang'anywa shamba baada ya miaka ya ukame, vumbi na deni la benki. Inauza vyake kwa bei ya kutupa, inapakia lori kuukuu na kuifuata barabara namba 66 kuelekea California, ambako vipeperushi vimeahidi kazi kwa kila mwenye mikono. Wanakuta wanaotafuta kazi ni wengi kuliko kazi yenyewe, na ujira unashushwa kadiri wenye njaa wanavyoongezeka. Kwenye riwaya wanapitia kwanza kambi chafu ya vibarua, halafu wanapata nafuu katika kambi ya serikali yenye vyoo, maji ya moto na kamati zilizochaguliwa na wakazi wenyewe. Lakini heshima haipikwi ikaliwa. Kazi hakuna, akiba inakwisha, na wanalazimika kuondoka kwenda kwenye shamba la matunda ambako Casy, mhubiri wa zamani aliyegeuka kiongozi wa mgomo, anauawa, na Tom Joad anamuua aliyempiga. Baada ya hapo ni pamba, maisha ya ndani ya behewa, mafuriko, mtoto anayezaliwa mfu, na ghala ambamo Rose of Sharon, binti wa familia na mama wa mtoto huyo, anamnyonyesha mwanamume asiyemjua anayekufa kwa njaa.

Filamu imelitanguliza shamba la matunda na kuiweka kambi ya serikali mwishoni. Mabadiliko yanaonekana madogo, kwa kuwa karibu kila kipande kilichotumika kimo kitabuni, ila hoja nzima imegeuka. Kwa Steinbeck kambi ile ni kituo cha njiani: inathibitisha kwamba maskini wanaweza kujitawala kwa utu, kisha inathibitisha kwamba utawala mwema hautoshi pale ardhi na ujira vikiwa mikononi mwa wengine. Kwa Ford kambi hiyohiyo inakuwa jibu, na meneja wake mpole aliyevaa nguo nyeupe anaelekea kuwa sura ya serikali ya Rais Roosevelt yenyewe. Tom anamuaga mama yake pembeni ya uwanja wa dansi wa kambi hiyo, ilhali kitabuni anamuaga akiwa mafichoni porini, akisakwa.

Kisha kuna hotuba ya mwisho ya Mama Joad ndani ya lori, anaposema kwamba wao ndio umma na hakuna wa kuwafuta. Wengi hudhani iliongezwa na watengenezaji tu. Kiini chake kimo katika sura ya 20, ambako Mama anamwambia Tom maneno hayo usiku, baada ya kundi la wenyeji wenye silaha kuwarudisha njiani. Pale ni maneno ya mama anayemzuia mwanawe asilipuke kwa hasira. Yakihamishiwa mwishoni, yakafuata habari za siku 20 za kazi karibu na Fresno, yanakuwa liwazo kwa mtazamaji anayejiandaa kutoka ukumbini.

Wanaoitetea filamu wana hoja nzito. Kanuni za maadili za Hollywood zilikuwa zikisimamiwa kwa ukali tangu 1934, na tukio la ghalani lisingepita kwa namna yoyote. Kitabu chenyewe kilikuwa moto: wilaya ya Kern, California, ilikipiga marufuku katika shule na maktaba zake Agosti 1939, na upigaji picha ulifanyika kwa jina la kuzugia, Highway 66, ili kukwepa vurugu. Kwamba studio kubwa ya kibiashara ilithubutu hata kidogo ni jambo la kuhesabiwa. Nakubali. Hata hivyo, udhibiti huo unaeleza kwa nini ghala limeondolewa. Hauelezi kwa nini shamba la matunda limetangulizwa. Mtu anaweza kujibu kwamba ukishaliondoa ghala unabaki na mafuriko na maiti ya mtoto, na hivyo mwandishi wa mswada, Nunnally Johnson, alihitaji mahali pengine pa kumalizia. Ni kweli, ila alipochagua mahali alichagua pia msimamo.

Karibu nusu ya sura za riwaya haziwataji kabisa akina Joad. Zinaeleza matrekta, wauza magari chakavu, benki, barabara. Ford alizikwepa nyingi na chache akazimeza ndani ya hadithi ya familia. Katika sura ya 15, baba asiye na jina anaingia mgahawani kuomba mkate wa senti 10 badala ya mkate mzima wa senti 15, na mhudumu, baada ya ukali wa mwanzoni, anawauzia watoto wake peremende mbili kwa senti moja ilhali kila moja ni senti tano. Kwenye filamu baba huyo ni Joad. Tukio linapata joto, kwa sababu watoto hao tunawajua, lakini linapoteza maana yake ya awali, kwamba hata wasiojulikana walitendewa vile. Sura ya 25, yenye machungwa yanayomwagiwa mafuta ya taa mbele ya macho ya wenye njaa, haina mwenzake kabisa. Nayo ndiyo yenye maneno ya zabibu za ghadhabu, yaliyo jina la kitabu!

Kuna mahali filamu inaishinda riwaya waziwazi. Kabla ya safari, Mama anafungua kisanduku cha barua na kumbukumbu. Steinbeck anaandika kwa ufupi kwamba alivitoa vipambo na kukiweka kisanduku kwenye makaa. Ford anamwacha Jane Darwell, anayeigiza kama Mama, apitie kitu kimoja kimoja, kisha aziinue hereni hadi masikioni na kujitazama kwenye kioo, bila neno hata moja. Darwell alipata Oscar kwa uigizaji huo, na Ford akapata ya uongozaji. Mpiga picha Gregg Toland naye, nyumba ya Muley, jirani wa akina Joad, inapobomolewa, anaishusha kamera hadi kwenye vivuli vya wenyewe vilivyolala juu ya alama za trekta.

Steinbeck alipoiona filamu alimwandikia wakala wake kwamba ni kali kuliko kitabu. Tukipima tukio kwa tukio, alisema kweli: bila sauti ya msimulizi ya kutupumzisha, nyuso zile gizani zinauma zaidi. Tukipima kwa mfuatano wa matukio, filamu ni laini zaidi, na ulaini huo unamfikia mtazamaji bila yeye kujua kwamba kuna kitu kilichohamishwa. Anayetaka kuvipata vyote viwili heri aanze na filamu, maana aliyetangulia kukisoma kitabu ataiangalia kambi ya serikali akisubiri shamba la matunda ambalo limeshapita.