Faili za programu ya tovuti zikae kwenye diski ya seva yenyewe

Ukiwa na seva tatu zinazohudumia tovuti moja, ni rahisi kushawishika kuweka faili zote katika saraka moja kwenye mashine ya hifadhi, ili kila seva izisome kupitia mtandao kana kwamba ziko kwenye diski yake. Itifaki ya NFS, iliyotolewa na Sun Microsystems mwaka 1984, ilibuniwa kwa lengo hilohilo: programu isilazimike kujua kama faili iko karibu au mbali. Kwa faili za programu inayoendesha tovuti, naamini kutojua huko ndiko kunakotuponza.

Niliwahi kusimamia tovuti iliyojengwa hivyo. Usiku mmoja mashine ya hifadhi ilizimika, nami nikatarajia wasomaji waone ujumbe wa hitilafu, lakini kurasa hazikufunguka wala hazikukataa kufunguka. Nilipoorodhesha michakato ya seva niliikuta mingi ina herufi D, yaani imekwama ikisubiri kusoma faili, huku kipimo cha mzigo kikizidi kupanda ilhali prosesa haikuwa na kazi yoyote. Kuwasha upya Apache, programu inayotuma kurasa kwa wasomaji, hakukusaidia, kwa sababu kila mchakato mpya ulinasa palepale ulipoigusa faili ya kwanza. Linux, mfumo endeshi wa seva hizo, isipoagizwa vingine, huendelea kuiuliza hifadhi bila kikomo. Ukiiagiza ikate tamaa baada ya muda, programu itapata jibu la kosa, lakini data iliyokuwa ikiandikwa inaweza kuharibika.

Hata hifadhi ikiwa nzima, gharama ipo. Apache ikiruhusiwa kusoma faili za .htaccess, zenye mipangilio ya saraka husika, huzitafuta katika kila saraka iliyo njiani kuelekea faili iliyoombwa, na hufanya hivyo kwa kila ombi. Kwenye diski ya ndani utafutaji huo hauonekani, bali kupitia mtandao unaweza kugeuka safari za kwenda na kurudi. Nyaraka za Apache zenyewe zinashauri kuzima EnableSendfile na EnableMMAP, mipangilio inayohusu namna inavyosoma na kutuma faili, pale faili zinapotoka kwenye hifadhi ya mtandao.

Linalonikera zaidi ni kache, yaani kumbukumbu ya muda ya kile kilichokwisha kusomwa. Kwa kawaida Linux hukumbuka sifa za faili ya NFS kwa sekunde 3 hadi 60, na za saraka kwa sekunde 30 hadi 60, kwa hiyo mara tu baada ya kuweka toleo jipya seva moja inaweza kuwa tayari inalitumia wakati jirani yake bado inaendesha la zamani. Msomaji hupewa ukurasa mpya na seva ya kwanza, kisha ombi lake linalofuata linaangukia seva isiyotambua kabisa kilichoombwa.

Kwa hiyo mimi hunakili programu kwa rsync, zana ya kunakili faili kati ya mashine, hadi kwenye saraka mpya ndani ya kila seva, kisha nahamisha kiungo kimoja tu, yaani jina linaloonyesha saraka inayotumika, kielekee huko. Saraka ya mbali naiachia picha na nyaraka zinazopakiwa na watumiaji, kwani hizo lazima seva zote zizione. Hata hivyo, nazihudumia kwa michakato iliyotengwa, ili hifadhi ikizimika tena zikwame picha peke yake na maandishi yaendelee kusomeka.