Jaji asiye na mpinzani haonekani kwenye karatasi ya kura

Mwandishi wa makala kuhusu uchaguzi wa majaji ameeleza vizuri kwamba majaji wa mahakama za kaunti kule California, Marekani, huchaguliwa na wananchi kwa miaka 6, lakini ameacha jambo kubwa. Wengi wao huingia kwanza kwa kuteuliwa na gavana wa jimbo, nafasi ikibaki wazi katikati ya muhula. Muhula ukiisha, jaji asipopata mpinzani jina lake halichapishwi hata kwenye karatasi ya kura, anaendelea tu. Na hawa ndio wanaosikiliza kesi za mauaji, talaka, mirathi, hadi faini za barabarani! Ndugu zangu mliopata uraia huko, nafasi yenye wagombea ikitokea msiiruke. Chunguzeni kwanza mgombea amefanya kazi gani: sheria inadai miaka 10 ya uwakili au ujaji, haisemi uwakili wa aina gani.