Homa ya Mafua Ikirudi, Sisi wa Matumbo Tuhesabiwe Mapema

Mgonjwa wa kwanza wa mafua ya H1N1 kuthibitishwa Kenya, mwishoni mwa Juni 2009, alikuwa katika kundi la wanafunzi waliotoka Uingereza wakaja Kisumu. Wengi tumelisahau hilo. Kisha Juni 2021, Korona ya aina ya Delta ilipotuelemea, serikali iliziwekea kaunti 13 za ukanda huu wa Ziwa Victoria kafyu ya kuanzia saa moja jioni. Kwa hiyo sikubaliani na wanaosema janga la mafua likija litaanzia Nairobi, sisi tupate muda wa kujipanga.

Ninaishi na kolitisi, ugonjwa ambao kinga ya mwili hugeuka na kuushambulia utumbo mpana. Ugonjwa wa Crohn ni wa ukoo huohuo. Wengi wetu tunatumia dawa za kushusha kinga: prednisoloni, azathioprini, na kwa wachache wanaomudu, infliximabu. Zinatuwezesha kwenda kazini na kulala usiku. Lakini kirusi cha mafua kikiingia, kinakuta mwili usioweza kupigana kama wa jirani.

Mtu akituona stejini Kondele, hapa Kisumu, hawezi kujua kwamba tu wagonjwa. Wakati wa Korona, redio zilitaja wazee, wenye presha na wenye sukari, na ilikuwa haki watajwe. Wahudumu wa afya ya jamii nao wanapita nyumbani na mashine za kupimia presha na sukari. Sijasikia mmoja akiuliza nani hapa anameza dawa za kushusha kinga. Swali hilo moja lingetufichua sote, pamoja na waliopandikizwa figo na wenye yabisi kali ya viungo.

Hatari yetu hailingani, na hili lisemwe wazi ili watu wasiogope bure. Mwenye vidonda vya tumbo vya kawaida, au anayetumia sulfasalazini peke yake, hayuko mahali pamoja na anayemeza prednisoloni kwa dozi kubwa.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni joto la mwili. Huku ziwani mtu akipata joto hupimwa malaria kwanza, na ndivyo inavyofaa. Shida huanza kipimo kikisema hakuna malaria. Tukiongeza kwamba tunahara, tunaambiwa ni taifodi au amiba, tunapewa antibiotiki na kurudishwa nyumbani. Antibiotiki haiui kirusi cha mafua, na inaweza kuuvuruga utumbo ambao tayari ni mgonjwa. Isitoshe, prednisoloni yenyewe huweza kuficha joto, mtu akaonekana ana nafuu kumbe mapafu yanaumia. Dawa ya oseltamiviri, inayopambana na kirusi chenyewe, hufanya kazi vizuri zaidi ikianzwa ndani ya saa 48 tangu dalili zijitokeze. Saa hizo huishia kwenye foleni na kwenye kemisti.

Na kemisti pana mtego mwingine. Ukisema mwili unauma, utapewa diklofenaki au ibuprofeni bila kuulizwa lolote. Dawa hizo zinaweza kuamsha ugonjwa wa utumbo uliokuwa umetulia, na kwa mwenye vidonda vya tumbo zinaweza kumtoa damu. Omba parasetamoli, na useme ugonjwa wako bila kuona haya. Najua kusema habari za choo mbele ya watu kunaumiza, hasa ukiwa kijana. Sema hivyo hivyo.

Ndugu zangu, msiache dawa zenu kwa hofu. Mwili uliozoea prednisoloni kwa muda mrefu hupunguza kutengeneza homoni yake, na kuikatisha ghafla kunaweza kuua. Azathioprini daktari anaweza kuisimamisha maambukizi yakiwa makali, lakini uamuzi ni wake baada ya kukuona.

Chanjo ya sindano ya mafua haina kirusi hai, kwa hiyo haiwezi kukupa mafua, na sisi tunaruhusiwa kuipata. Ile ya kupuliziwa puani ina kirusi hai, hiyo tuiepuke. Kenya mafua huzunguka mwaka mzima, hivyo hakuna sababu ya kungoja baridi ya Julai. Lakini wengi hulazimika kuilipia kliniki za kibinafsi, na mtu hawezi kuchagua kati ya chanjo na unga. Naona kaunti ingegharamia chanjo ya kila mgonjwa anayetumia dawa za kushusha kinga, na ya wanaoishi naye nyumba moja. Hatuko wengi kiasi cha kuifilisi bajeti.

Kuhusu dawa zetu za kila siku, mfano mzuri tunao hapahapa. Kliniki za Nyanza zimezoea kuwapa wanaotumia ARV dawa za miezi kadhaa kwa mara moja, na jambo hilo liliwafaa sana barabara zilipokuwa ngumu wakati wa Korona. Mgonjwa wa utumbo anayeagiza azathioprini Eldoret au Nairobi iletwe na matatu kama parseli anastahili utaratibu huohuo, kabla kafyu nyingine haijatangazwa.

Kliniki yangu ijayo nitamwomba daktari aniandikie mambo matatu kwenye kitabu changu: dawa ipi nisiiache, dawa gani ya maumivu nisipewe, na niende wapi nikipata joto usiku. Nawasihi nanyi mwombe hivyo, kisha mwonyesheni ukurasa huo mtu mnayeishi naye.