Korosho ghafi na hesabu ya mkulima

Kila msimu ukifunguliwa Mtwara na Lindi, lawama ni ileile: tunauza korosho ghafi na kupeleka ajira zetu India na Vietnam, tubangue wenyewe. Hoja ina uzito. Ubanguaji unataka mikono mingi, hasa ya kina mama, na hata ganda lina mafuta yanayotumika viwandani. Ila wengi wanaoisema hawajawahi kukaa wakisubiri malipo ya AMCOS, chama cha ushirika ambamo mkulima huuzia korosho zake.

Kuna namba mbili haziniachi. Msimu wa 1973/74 tulivuna karibu tani 145,000. Kufika 1986/87 zilikuwa chini ya 20,000. Na ni katika kipindi hichohicho tulipokuwa tukijenga viwanda, 12 kwa jumla, kwa mikopo ikiwemo ya Benki ya Dunia. Mashine zinashushwa, korosho zinapotea. Operesheni Vijiji ilikuwa imewahamisha watu mbali na mikorosho yao, na shamba la mbali halipaliliwi. Bei ya serikali haikumvuta mtu kurudi porini, na ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu wa mikorosho, ukamalizia. Baadhi ya viwanda vile viligeuka maghala. Ya korosho ghafi!

Mikorosho ilifufuliwa na salfa, dawa ya ukungu huo, na bei. Biashara ilifunguliwa miaka ya 1990, kuanzia 2007 ikaja stakabadhi ghalani, yaani mkulima anaweka korosho ghalani, anapewa risiti na zinauzwa kwa mnada; wanunuzi wakagombea, na 2017/18 mavuno yakapita tani 300,000.

Kiwanda cha ndani nacho kina shida ya kweli, ya kalenda. Korosho zetu nyingi hutoka Oktoba hadi Januari. Anayetaka kubangua mwaka mzima azinunue zote kwa miezi hiyo, kwa mkopo wa benki, riba ikimla huku mzigo umelala ghalani. Mwenzake wa Vietnam akimaliza zetu anapokea za Afrika Magharibi. Basi wa kwetu ataomba auziwe kwa bei ya chini, na pengo hilo litazibwa na mkulima wa Newala na Tandahimba. Na soko lisilo na ushindani tumeshaliona: mwaka 2018 mnunuzi alibaki mmoja, Serikali, kwa shilingi 3,300 kwa kilo. Bei nzuri, lakini wengi walingoja fedha zao kwa miezi.

Tubangue, sawa, ila kiwanda kinunue mnadani kama wengine na nafuu yake iwe kwenye riba. Fedha ya kuanzia si ya kutafuta mbali: upo ushuru wa korosho ghafi zinazouzwa nje, ambao hadi 2018 sehemu yake kubwa ilirudi kisheria kwenye zao lenyewe.