Tusifunge Mapema Kesi ya Nyota za Mkia

Nyanya yangu wa Majengo hanunui maji bila kuyaonja. Mwenye mkokoteni akishusha mitungi, yeye hufungua kifuniko, humimina kidogo kiganjani, hulamba. "Haya ya kisima, mwanangu. Rudisha." Maji ya mfereji yatokayo Mzima kule Tsavo anayajua. Ya kisima yana chumvi hata yakiwa meupe pe.

Wanasayansi wanaouliza maji ya dunia yalitoka wapi nao huyatambua hivyo hivyo, ila wao hutafuta hidrojeni iliyomo ndani yake. Iko ya kawaida na iko nzito, iitwayo deuteri. Bahari inayopiga miamba chini ya Fort Jesus ina atomu moja ya deuteri kwa kila atomu 6,400 hivi za hidrojeni. Basi kama maji haya yaliletwa na kometi, yaani nyota za mkia, madonge ya barafu na vumbi yaliyobaki tangu jua lizaliwe miaka bilioni 4.6 iliyopita, deuteri yake ifanane na yetu.

Chombo cha anga cha Giotto kilipoipitia kometi ya Halley mwaka 1986, hazikufanana: ya Halley ilikuwa karibu mara mbili. Mwaka 2011 kometi nyingine, Hartley 2, ikaonekana sawa na bahari. Kisha 2014 chombo kingine cha anga, Rosetta, kikaifikia kometi iitwayo 67P, kikapata zaidi ya mara tatu, na wengi wakafunga faili: maji yetu yaliletwa na asteroidi, yaani miamba inayozunguka jua.

Hukumu ile ilikuwa ya haraka. Mwaka 2024 mwanasayansi Kathleen Mandt na wenzake walipitia upya vipimo zaidi ya 16,000 vya Rosetta, wakakuta tatizo ni vumbi. Maji yenye deuteri hung'ang'ania chembe za vumbi kuliko maji mengine. Chembe hizo zikipata joto la jua huyaachia, na Rosetta ilikuwa ikizunguka papo hapo karibu na kiini cha kometi, ndani ya mvuke uliozidi deuteri. Ukisogea mbali, kiwango kinashuka. Kila aliyewahi kuchota maji kwenye pipa analijua hili: ukizamisha kata hadi chini unapata mashapo, na mashapo si pipa zima.

Sisemi asteroidi zifutwe. Vimondo vyenye kaboni vinavyotokana nazo vinakaribiana sana na bahari kwa deuteri, na mimi naamini sehemu kubwa ilitoka huko. Ninachokataa ni kutafuta mleta maji mmoja tu. Tangi la nyumbani kwetu lina maji ya mfereji, ya mkokoteni na ya mvua ya Aprili, yote yamechanganyika, na bado tunapikia chai.

Mwaka 2025 darubini ya ALMA ilitoa kipimo cha kometi 12P/Pons-Brooks: deuteri yake inaendana na ya bahari. Hiyo ni sababu tosha ya kupima kila kometi inayokaribia jua, tena kwa umbali unaoliacha vumbi nyuma. Pons-Brooks yenyewe ilipita 2024, na haitarudi mpaka 2095.