Kimya cha Mtoto Mwenye Usonji Si Kipimo cha Akili Yake

Mpwa wangu ana miaka saba na ana usonji, yaani hali ya ukuaji wa ubongo inayogusa namna anavyowasiliana na wengine. Tunaishi Moshi, jirani na soko la Mbuyuni, na kila jioni hukaa kibarazani akipanga vizibo vya soda: viwili vyekundu, kimoja cheupe, viwili vyekundu, kimoja cheupe, mpaka ukingoni. Siku moja alipoingia ndani nilikiondoa kimoja cheupe. Aliporudi aliutazama mstari mara moja tu, kisha akaninyooshea kiganja bila kusema neno. Wiki hiyohiyo mwalimu aliyempima shuleni, kwa kumwonyesha picha na kumwuliza "Hii ni nini?", aliandika kwamba uwezo wake wa kufikiri ni mdogo sana.

Sidhani mwalimu alikuwa na nia mbaya, lakini alichopima ni maneno. Mwaka 2007 Michelle Dawson, ambaye mwenyewe ana usonji, na watafiti wenzake walichapisha matokeo ya watoto wenye usonji waliopewa vipimo viwili vya akili: cha Wechsler, ambacho baadhi ya sehemu zake hudai majibu ya mdomo, na cha Raven, ambacho mtoto huonyeshwa mchoro wenye pengo na kuchagua kipande cha kulijaza. Katika kipimo cha Raven watoto walewale, wakilinganishwa na kila watoto 100 wa rika lao, walipanda kwa wastani nafasi 30 hivi kuliko katika kile cha Wechsler.

Sisemi kwamba lugha haina kazi katika kufikiri. Wengi wetu hujisemea moyoni ili tusisahau hatua za kazi, na ndiyo maana dada yangu, badala ya maneno hayo, amembandikia mwanawe ukutani picha za kunawa, kuvaa na kubeba begi.

Hata maneno yanapokuja, huja kwa njia yake. Akitaka chai husema "Unataka chai?", kwa kuwa ndivyo anavyosikia kila chai inapoletwa, na kwa kuwa Kiswahili hubeba nafsi ndani ya kitenzi, yeye hukichukua kitenzi kizima kama kilivyo. Leo Kanner, daktari wa akili za watoto, aliliandika jambo hilohilo mwaka 1943, alipowaeleza watoto 11 aliowachunguza Marekani. Dada yangu hamkemei; humwambia taratibu, "Nataka chai, mama," kisha humimina.

Nimemwomba mwalimu aje kibarazani jioni moja, aketi, akiondoe kizibo kwa mkono wake mwenyewe.